Hamsta Wawili, Kizimba Kimoja: Je, Watazoeana?

*"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Section 58 hapa Nakuru. Yapata miezi miwili sasa tangu tuwanunulie watoto hamsta wawili wa rangi ya dhahabu wenye tumbo jeupe. Aliyetuuzia alisema ni dada waliozaliwa pamoja, na tusiwatenganishe kamwe. Mwanzoni walikuwa wakilala wamekumbatiana. Wiki hizi mbili usiku nasikia milio na purukushani, na asubuhi nampata mmoja amejibanza nyuma ya chupa ya maji. Jana nimeona sikio lake limechanika na ana kidonda karibu na mkia. Nyanya yao anasema wanyama hupigana mpaka wazoeane, kama simbilisi aliokuwa akifuga kwao Kakamega. Watoto nao wanalia kwamba tukiwatenganisha kila mmoja atakuwa mpweke. Rafiki yangu wa Kisumu anao watatu katika kizimba kimoja na hajaona shida. Chetu ni cha waya, urefu wake ni kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Nikinunua kikubwa zaidi watapatana? Na kidonda nipake nini?"*

Mama, nitayajibu yote uliyouliza, ila kuna moja lisiloweza kungoja umalize kusoma. Watenganishe leo, kabla giza halijaingia. Hamsta, huyu mnyama mdogo wa jamii ya panya, ni mnyama wa usiku. Mchana unawaona wametulia kwa sababu wamelala. Nyumba ikishatulia ndipo yule mwenye nguvu ataanza tena kumwinda mwenzake. Sikio lililochanika na kidonda karibu na mkia ni alama za mnyama anayeumwa huku akikimbia, na mnyama huyo hana mahali pa kukimbilia. Vita ya namna hii ikishafika kwenye damu, mara nyingi mwisho wake ni kumkuta mmoja amekufa asubuhi, na watakaomkuta ni watoto.

Kama huna kizimba cha pili, kwa siku chache beseni refu au ndoo pana ya plastiki yenye kuta laini za sentimita 40 au zaidi itakusaidia. Funika juu kwa waya wa matundu madogo na uweke kitu kizito kila upande, maana hamsta hupanda na kujisukuma pasipodhaniwa. Katoni ataitafuna na kutoka kabla ya alfajiri. Weka humo nyasi kavu au karatasi za shashi zisizo na manukato, kigae cha maji, chakula, na kitu cha kujificha, hata kikombe cha udongo kilicholazwa ubavu. Anayehamishwa awe yule aliyeumizwa. Kizimba cha zamani kimejaa harufu ya mbabe wake, na hawezi kupata nafuu huku kila anaponusa anaambiwa adui yuko karibu. Vyombo hivyo viwili visikae bega kwa bega. Chumba kingine ni bora zaidi.

Ukiwakuta wameshikana usiingize mkono. Meno ya hamsta hupenya kidole cha mtu mzima, na mnyama aliye katikati ya vita hamjui mwenye nyumba. Chukua kopo tupu au kikombe kikubwa, mfunike mmoja, kisha telezesha kipande cha kadibodi chini yake na umwinue pamoja na kopo. Watoto wasiifanye kazi hii.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Rangi ya dhahabu na tumbo jeupe ni maelezo ya hamsta wa Syria, ndiye anayeonekana zaidi miongoni mwa wanaofugwa nyumbani. Akikomaa ana uzito wa gramu 100 hadi 150, na jike kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume. Kwa aina hii jibu halina pembe mbili: akishakomaa anakaa peke yake. Haijalishi kama ni dada, mama na mtoto, au dume na jike. Haijalishi walivyopendana walipokuwa wadogo. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi na watu waliotamani niseme "inategemea", na kwa hamsta wa Syria haitegemei.

Sababu iko kwenye maisha ya asili ya mnyama huyu. Kwao ni nyanda kavu na mashamba ya kaskazini mwa Syria, kuzunguka mji wa Aleppo, na sehemu ya kusini mwa Uturuki. Watafiti waliochimbua mashimo yake huko walikuta kila shimo lina hamsta mkubwa mmoja tu, na mashimo yenye wenyeji yameachana kwa zaidi ya mita 100. Shimo lina chumba cha kulala na ghala la nafaka, mara nyingi zaidi ya nusu mita chini ya ardhi. Katika nchi ambayo chakula ni cha msimu, ghala hilo ndilo uhai wake. Hamsta mwingine akija hapo hajaja kutembea, amekuja kuchukua. Vizazi kwa vizazi aliyefukuza wageni ndiye aliyebaki na akiba ya kumvusha kwenye baridi, naye ndiye aliyezaa.

Hamsta wa dhahabu tunaowaona madukani karibu wote ni uzao wa familia moja. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni, wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, alichimbuliwa jike na watoto wake karibu na Aleppo. Walipotiwa wote ndani ya sanduku moja, mama yule alimuua mmoja wa watoto wake palepale. Hata siku haikwisha. Nakusimulia hili kwa sababu bado hatujafika miaka 100 tangu siku ile. Ng'ombe, mbuzi na kuku wameishi nasi maelfu ya miaka na tabia zao zimelainika kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Hamsta aliye sebuleni kwako anakubali kushikwa, lakini kichwani mwake bado ni yule wa shimoni.

Basi kwa nini walilala wamekumbatiana? Kwa sababu walikuwa watoto. Watoto wa hamsta huzaliwa bila manyoya na macho yamefumba, na wanahitaji joto la miili ya wenzao. Wakifika wiki ya nne hadi ya sita wanaanza kubalehe. Homoni zinapanda, na tezi za harufu zilizo ubavuni, zile unazoweza kuziona kama vidoa viwili vyeusi ukipapasa manyoya ya nyonga, zinaanza kufanya kazi. Kuanzia hapo kila anapojisugua kwenye ukuta wa kizimba anaandika jina lake. Wawili wakiandika majina yao kwenye ukuta mmoja, ugomvi umeshaanza hata kama hujasikia mlio. Huwa kuna wiki kadhaa za kusukumana, kunyang'anyana gurudumu, kufukuzana kutoka kwenye bakuli. Wengi huona hayo wakadhani ni mchezo. Muuzaji anayewauza wakiwa na wiki tano au sita haoni kinachofuata, na ndiyo maana ushauri wake wa kutowatenganisha unasikika kama wa kweli siku ya kununua. Miezi miwili uliyoitaja inalingana kabisa na mwendo huu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na nyanya yao, kwa heshima zote. Anachokisema ni kweli kuhusu simbilisi. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na ni mnyama wa kundi. Aliyekulia magharibi mwa Kenya amewaona wakizunguka jikoni pamoja, wakiitana kwa milio wanaposikia majani yanaletwa. Kwao kuna mkubwa na mdogo, wanasukumana kidogo, kila mmoja anajua nafasi yake na mambo yanatulia. Simbilisi mmoja peke yake kweli huwa mnyonge. Akili ya hamsta wa Syria haina nafasi hiyo ya "mdogo wa nyumba". Porini aliyeshindwa hana cha kujifunza ila kuondoka, na akishaondoka vita imekwisha. Ndani ya waya hawezi kuondoka. Anayeshinda anaona adui yumo bado shimoni mwake, anampiga tena kesho, na kesho kutwa.

Kuna jambo ambalo wanasayansi wanaochunguza hofu wamelijua kwa muda mrefu kupitia mnyama huyuhuyu. Hamsta aliyepigwa na kushindwa, hata mara moja tu, hubadilika tabia. Ukimkutanisha baadaye na hamsta mwingine asiye mkali kabisa, hata mdogo kuliko yeye, hapigani tena. Anajikunyata au anatoroka. Hofu ile hudumu siku nyingi. Kwa hiyo wanapokaa pamoja hawazoeani. Mmoja anazidi kujifunza kuogopa na mwingine anazidi kujifunza kupiga. Yule wako anayejibanza nyuma ya chupa ya maji hajakubali hali. Amejificha, na kila akitoka kutafuta chakula anahatarisha mwili wake. Wengi wa aina hii hukonda taratibu hata pasipo kidonda kinachoonekana.

Kizimba kikubwa hakitawapatanisha. Kwa ukubwa wa nyumba zetu huwezi kutengeneza umbali ambao hamsta wa Syria angeuhesabu kuwa wa kutosha. Kumbuka yale mashimo na zile mita zake. Usiweke pia waya katikati ya kizimba kimoja. Nimeona vidole na ncha za pua zilizokatwa kupitia matundu ya waya wa namna hiyo, na hata wasipofikiana, harufu ya jirani aliye sentimita chache huwaweka katika hali ya vita usiku kucha. Wengine watakushauri uwaogeshe au uwapake kitu cha kunukia ili wasitambuane. Usifanye. Kuogeshwa kwa maji humpa hamsta baridi na mshtuko, na harufu yake mwenyewe ndiyo inayomfanya ajisikie yuko nyumbani.

Kuhusu rafiki yako wa Kisumu, kuna mambo mawili yanayowezekana. La kwanza ni kwamba anao wale wadogo, wanaoitwa hamsta vibeti. Hawa ni jamii nyingine, wa gramu 20 hadi 50 tu, kutoka nyika za Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China: hamsta wa Campbell, hamsta mweupe wa baridi, na Roborovski, ambaye ndiye mdogo kuliko wote. Hawa wakati mwingine hukaa pamoja kwa amani, hasa Roborovski. Hilo nalikubali. Lakini lina masharti: wawe wamezaliwa pamoja na hawajawahi kutenganishwa, wawe wa jinsia moja iliyothibitishwa, kizimba kiwe kipana na cha sakafu moja, na kila kitu kiwe viwili viwili, yaani bakuli, chupa ya maji, gurudumu na nyumba ya kulala, tena nyumba yenye milango miwili ili mmoja asizingirwe na mwenzake mlangoni. Na hata akitimiza yote hayo, awe na kizimba cha akiba tayari, kwa kuwa undugu wa vibeti unaweza kuvunjika baada ya mwaka mzima wa utulivu. Ukishavunjika kwa damu, haurudi. Maoni yangu ni kwamba hata kibeti anaishi vizuri peke yake, na mtu asiye na muda wa kuwaangalia kila jioni asijaribu kuwaweka wawili.

La pili ni kwamba wa rafiki yako ni wa Syria pia, ila bado wachanga. Ikiwa ndivyo, tafadhali mwonyeshe jibu hili wiki hii.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Una hakika ni dada? Wauzaji wengi hukosea jinsia ya hamsta wachanga. Mwinue kila mmoja kwa kumweka ndani ya kikombe cha glasi na umtazame kutoka chini. Kwa dume, nafasi kati ya tundu la mkojo na tundu la haja kubwa ni pana. Kwa jike matundu hayo yako karibu sana. Dume aliyekomaa ana makende yanayoonekana wazi nyuma, umbo la makalio linachongoka kuelekea mkia. Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 4, humkubali dume kwa saa chache za usiku huo tu, na nje ya hapo humshambulia. Kwa hiyo ugomvi wako unaweza kuwa wa jike kumfukuza dume aliyemaliza shughuli yake.

Ikiwa mmoja ni dume, hesabu siku 16 hadi 18 tangu siku ya kuwatenganisha. Hiyo ndiyo mimba ya hamsta wa Syria, fupi ajabu, na watoto huwa 6 hadi 12. Zikipita siku hizo bila kitu, umenusurika. Jike akizaa, mwachie chakula kingi na maji, ongeza yai la kuchemsha kidogo, usisafishe kizimba wala usiguse watoto kwa wiki mbili za mwanzo. Jike anayesumbuliwa hula watoto wake. Waambie wanao mapema, kwa upole lakini bila kuwaficha, ili wasiende kufunua kiota kwa hamu. Wakifikisha wiki nne, tenganisha madume na majike, na muda mfupi baadaye kila mmoja apate chake.

Sasa kidonda. Manyoya ya hamsta huficha mengi, kwa hiyo tafuta mahali penye mwanga, mshike ndani ya taulo ndogo, kisha mpulizie manyoya kinyume kwa pumzi yako. Anzia makalioni, kwenye mapaja, chini ya tumbo na kuzunguka sehemu za siri, maana huko ndiko wanakoumana. Manyoya yakigawanyika utaona ngozi. Kidonda unachokiona karibu na mkia mara nyingi kina wenzake wadogo, vitundu kama vya sindano vilivyokwisha kuziba juu. Hivyo vidogo ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Jino limeingiza uchafu ndani, ngozi imefunga, na baada ya siku tatu hadi tano linatokea jipu. Kwa hiyo usimwangalie leo tu. Mwangalie kila siku kwa wiki moja.

Osha kilicho wazi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiwa umeyeyusha kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita. Lowesha pamba, dondoshea juu ya kidonda, kausha kwa kitambaa safi. Basi. Usipake spiriti, wala dawa ya kusafishia sakafu, wala ile dawa ya kupulizia vidonda vya ng'ombe na mbuzi. Hamsta hujiramba mwili mzima, kwa hiyo kila unachompaka unamlisha. Dawa za maumivu za watu pia ziache kabatini.

Na hapa nakusihi, mama. Usimpe antibiotiki iliyobaki nyumbani, wala poda za kuku za duka la dawa za mifugo. Amoksilini, ampisilini, penisilini na erithromaisini, zinazowaponya watoto wako, humuua hamsta. Utumbo wake hutegemea bakteria wazuri, na dawa hizi huwafagia hao kwanza. Wanaobaki ni bakteria wabaya wanaotoa sumu, na ndani ya siku chache mnyama anaharisha na kufa, huku mwenyewe akidhani ni kidonda kilichomuua. Sungura na simbilisi wako katika hatari hiyohiyo wakizinywa, basi mwambie na nyanya yao. Zipo antibiotiki zinazowafaa, lakini kipimo chake ni cha matone kwa mnyama wa gramu 120, na lazima kipigiwe hesabu na daktari baada ya kumpima uzito.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja ukiona kidonda kina kina kirefu au kinanuka, uvimbe wowote unaoongezeka, jicho lililojeruhiwa, mguu asioukanyagia, au kidonda chochote kwenye sehemu za siri. Vivyo hivyo asipokula kwa usiku mmoja mzima, akipumua kwa shida, au manyoya ya chini ya mkia yakiwa yamelowa kwa kuharisha. Hili la mwisho ni la dharura ya siku hiyohiyo. Hamsta mwenye hofu na uchovu huugua tumbo upesi na hukauka maji haraka. Kabla hujatoka nyumbani piga simu uulize mambo mawili: kama daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kama amewahi kutibu sungura, simbilisi au wanyama wadogo. Nakuru imezungukwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na wapo madaktari hodari sana wa ng'ombe ambao hawajawahi kumshika hamsta. Si aibu kwao kukuelekeza kwa mwenzao. Wasafirishe katika vyombo viwili tofauti.

Mtoto akiwa ameumwa katika purukushani hizi, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya waangalie kidonda na chanjo ya pepopunda.

Naam, upweke. Nawaelewa watoto, na ninafurahi kwamba wanauliza. Mtoto anayejali kama mnyama ana mwenzake amelelewa vizuri. Lakini anachokihisi ni upweke wa mtoto, na hamsta mkubwa hana hitaji hilo. Yeye kukaa peke yake ni usalama. Kinachomwumiza ni kukaa bila kazi. Porini akiwa macho anatembea, anachimba, anajaza mashavu nafaka na kurudi ghalani. Mnyima hayo ndipo utamwona aking'ata waya saa nzima na kuzunguka pembe moja. Waambie watoto kazi yao ni kumpa usiku wenye shughuli. Wamfichie mbegu za alizeti na punje za mtama ndani ya vipande vya karatasi vilivyokunjwa, wamtengenezee mapito kwa mirija ya shashi, wamtupie kipande cha karoti mahali papya kila jioni.

Kizimba chenu cha sasa, cha urefu wa mkono kutoka kiwiko, ni kidogo hata kwa mmoja. Hapo ndipo pesa za kizimba kikubwa zitakapofaa. Lenga urefu wa sentimita 100 kwa upana wa 50, na sakafu yenye kina cha kuchimba cha sentimita 20 au zaidi. Si lazima ununue kilichoagizwa kutoka nje. Fundi wa mbao wa jua kali atakutengenezea sanduku lenye kioo mbele na waya juu, mradi matundu ya waya yasizidi sentimita moja. Pipa pana la plastiki la kuhifadhia nguo, likikatwa dirisha juu na kuwekwa waya, pia ni zuri na bei yake ni nafuu, na kwa hamsta wawili wanaohitaji nyumba mbili hilo ndilo ningeanza nalo. Gurudumu liwe la sentimita 28 hivi, lenye uso mzima usio na vipande vya kunasa mguu. Mgongo wake ukipinda anapokimbia, gurudumu ni dogo.

Maranda ya mbao uyaangalie sana. Hapa kwetu mbao nyingi ni za saiprasi na paini, na harufu hiyo tamu ya karakana inakera mapafu ya mnyama anayelala ndani yake. Afadhali nyasi kavu safi na karatasi zilizokatwakatwa. Pamba usimwekee kamwe. Hujifunga miguuni na ikimezwa huziba utumbo. Kizimba kisikae varandani. Licha ya paka na panya wa mwituni, siafu wakipita usiku mnyama aliyefungiwa hana njia. Na mwezi wa saba, baridi ya Nakuru inapouma, sogeza kizimba ndani penye joto lakini mbali na moshi wa jiko. Hamsta wa Syria akipatwa na baridi kali huzama katika usingizi mzito, mwili ukawa wa baridi na pumzi zikahesabika. Wapo waliozikwa wakiwa hai hivyo. Ukimkuta hali hiyo mpashe joto polepole kifuani kwako na umwite daktari.

Ikiwa watoto wanataka hasa kuona wanyama wakicheza pamoja, mtafute nyanya yao awasaidie kuchagua simbilisi wawili wa kike. Hapo ujuzi wake wa Kakamega utawafaa sana. Wapate majani mabichi kila siku, kwa kuwa simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C. Wasiwekwe na hamsta, wala na sungura.

Na ukiona nyumba mbili ni mzigo, ni haki kumtafutia hamsta mmoja mlezi mwingine. Mlezi huyo asiwe na hamsta tayari, au akiwa naye, akuonyeshe kizimba cha pili kabla hujamkabidhi. Kumrudisha kwa muuzaji anayewaweka kumi katika boksi moja ni kumrudisha kwenye vita ileile, safari hii akiwa na kidonda. Mlee mwenyewe mpaka apone. Mpime kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli, siku moja kila wiki, na uandike. Yule aliyeumizwa anatakiwa aanze kurudisha uzito ndani ya wiki mbili za kukaa peke yake. Badala ya kuongezeka akipoteza hata gramu 10, mlete aonekane, pamoja na karatasi uliyoandikia vipimo hivyo.